Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Joto tunalolilipia mara mbili

Mheshimiwa Waziri,

Salaam na heshima. Nimekesha zamu nyingi kwenye mtambo wa kukeneka mafuta ghafi, na neno langu ni moja: ukiletewa ombi la kuongeza tanuri katika kiwanda cha kusafisha mafuta, uliza kwanza joto lililopo linakwenda wapi.

Siku ukitembelea kiwanda, usiishie ukumbi wa mikutano. Panda ngazi hadi kwenye jukwaa la feni za kupozea dizeli. Hewa inayopanda pale inakupiga usoni kama umefunua sufuria. Geuka sasa: hatua chache tu kutoka hapo, tanuri linanguruma, linachoma mafuta ili kupasha mafuta. Huku tunatupa joto, kule tunalinunua.

Mafuta ghafi lazima yafikie nyuzi 350 hivi au zaidi kabla ya kuingia mnarani, yaani mnara wa kukeneka unaoyatenganisha kuwa dizeli, mafuta ya taa na mengineyo. Sehemu kubwa ya safari hiyo haihitaji moto. Dizeli, mafuta ya taa na masalia mazito hutoka mnarani yakiwa bado yanachemka. Yakipitishwa kwenye vibadilishi joto, mafuta ghafi yakipita upande wa pili wa chuma, tanuri huyapokea yakiwa na nyuzi 250 au zaidi.

Kujua joto lipi likutanishwe na lipi si kazi ya kubahatisha. Miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopaa, Bodo Linnhoff na wenzake walijenga hesabu iitwayo uchambuzi wa pinchi. Hutafuta nyuzi ambapo mikondo ya moto na ya baridi inabanana zaidi, kisha inakataza kuvusha joto kutoka juu ya mpaka huo kwenda chini. Ukilivusha unalipa mara mbili: mafuta ya tanuri huku, maji na feni za kupozea kule. Hesabu hiyo hukuambia kiasi cha chini kabisa cha moto unachohitaji hata kabla hujanunua bomba. Sisemi kila joto litaokolewa. Mitambo mingine iko mbali mno na mingine, na mingine haiwashwi wala kuzimwa pamoja.

Lakini lililoniuma zaidi kazini halikuwa mchoro mbaya, lilikuwa uchafu. Chumvi na asfaltini, yaani sehemu nzito kama lami iliyomo kwenye mafuta ghafi, huganda ndani ya mirija kidogo kidogo, na joto linakosa njia. Hakuna king'ora kinacholia. Tanuri linaongezewa moto tu, na uzalishaji unaendelea kana kwamba hakuna kitu.

Nikupigie hesabu ya kiwanda cha mapipa 100,000 kwa siku. Hiyo ni kama kilo 158 za mafuta ghafi kila sekunde. Yakiingia tanurini joto lake likiwa limepungua nyuzi 10 tu, pengo ni megawati 4 na ushei. Ukiweka na hasara ya tanuri lenyewe, zinakaribia 5. Ni takriban tani 10 za mafuta zinazoteketea kila siku, kwa sababu mirija haijaoshwa! Halafu tunabandika mabango ya kuwakumbusha makarani kuzima taa.

Naomba mambo mawili. Leseni ya kupanua kiwanda isitolewe bila uchambuzi wa pinchi uliopitiwa na mhandisi asiyelipwa na muuza matanuri. Na kila kiwanda kikuletee kila mwezi joto la mafuta ghafi yanapoingia tanurini, likiwekwa kando ya lile lililopimwa vibadilishi vilipotoka kuoshwa. Namba hizo hazihitaji kifaa kipya. Kipimajoto kiko pale tayari, na mtu wa zamu huziandika kila saa.

Wako mtiifu,
Mwendesha mitambo mstaafu