Birika likiwaka: barua kwa mwanangu aliye Voi

Kisauni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Salaam aleikum. Sisi huku nyumbani sote tu wazima wa afya, hofu ni juu yako wewe uliye mbali. Bibi yako anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Mimi naandika kwa jambo jengine.

Juzi uliponiambia kwenye simu kwamba ile taa ya manjano ya injini ina wiki mbili haizimi, na kwamba fundi wa huko amekubandikia kipande cha stika nyeusi juu yake isikusumbue macho usiku, nilinyamaza ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikosa la kusema. Mazungumzo yetu ya simu huishia kwa "sawa mama, nitaangalia," na hili nataka ulisome ukiwa umekaa kitako.

Bandua hiyo stika kabla hujasoma zaidi.

Sijui kama unaikumbuka ile safari ya Taveta. Ulikuwa na miaka saba, shule zimefungwa, nikakuchukua kwenye pikapu kwa kuwa hapakuwa na wa kukuangalia. Wakati huo nilikuwa naenda Taveta mara mbili kwa wiki kuchukua ndizi na nyanya za kuuza sokoni Kongowea. Siku moja kabla, gereji moja hapa mjini ilinibadilishia oili, na aliyeibadilisha hakuikaza vizuri nati ya chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili ikawa inavuja tone kwa tone njia nzima, nami sina habari. Tuliporudi, makreti ya nyanya yamejaa hadi juu ya kichwa cha gari, jua limeshazama, tumeipita Taru, ukanyoosha kidole kwenye dashibodi ukasema, "Mama, birika linawaka."

Mchoro wenyewe kweli unafanana na birika: una mkono, una mdomo mrefu, na tone moja linadondoka mdomoni. Ulikuwa mwekundu. Kwanza ulikuwa ukiwaka kwenye kona tu na kuzima, halafu ukatulia umewaka. Nikatazama sindano ya joto, iko pale pale pa siku zote. Nikasikiliza injini, inavuma vilevile. Nikaufikiria mzigo, na wateja wanaonisubiri sokoni alfajiri. Nikakujibu, "Tulia mwanangu, Mariakani si mbali."

Hatukumaliza kilomita tatu. Ulianza mlio mdogo kama mtu anayegonga kijiko kwenye kikombe. Ukawa mzito, ukawa kama nyundo. Kisha injini ikakamata, gari likatetemeka mara moja, taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja. Usukani ukawa mgumu kama nimefungwa mikono. Nikakanyaga breki, ikaenda kidogo ikagoma, kwa sababu ile nguvu inayousaidia mguu hutoka kwenye injini, na injini imekufa. Nyuma yetu kulikuwa na trela. Taa zake zilikijaza kioo chote, honi yake naisikia mpaka leo. Niliuvuta ule usukani kwa mabega, tukaingia kwenye vumbi la pembeni, na trela likapita hata kioo cha upande kikalia kwa upepo wake. Wewe hukulia. Uliuliza tu kama birika limezima.

Tulilala pale. Asubuhi maji ya nyanya yalikuwa yakichuruzika kwenye lami, na siafu wamekuja. Injini ilikuwa imenoki, haifai hata kufunguliwa. Bangili za dhahabu ambazo huzioni mkononi mwangu ndizo zilizonunua ile nyingine. Hilo la bangili nilishalisamehe. Lile la kukuambia utulie, ilhali wewe ndiye uliyeona, sijalisamehe.

Basi sikiliza mamangu. Taa ya birika haikuambii kwamba oili imepungua kidogo. Inakuambia kwamba msukumo wa oili umeanguka. Ndani ya injini vyuma vinavyozunguka havigusani. Katikati yao kuna utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu muda wote. Utando ukiondoka, chuma kinasaga chuma maelfu ya mara kwa dakika moja. Kwa hiyo hiyo taa haina "nitafika". Washa indiketa, toka barabarani, zima injini palepale. Usiiwashe tena hata kwa kulisogeza gari kivulini. Pima oili kwa kile kijiti. Ikiwa imeshuka chini ya alama na unayo ya kuongeza, ongeza uone kama taa itazima mara tu unapowasha. Isipozima, litafutie gari la kulivuta.

Na usingoje taa. Kila Ijumaa asubuhi, gari likiwa limelala na limesimama mahali tambarare, chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ukiiona imegeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, na hapo usiwashe kabisa.

Hilo gari lako limetoka Japani na kitabu chake cha Kijapani, najua hukisomi. Lakini michoro ya taa ni ileile dunia nzima, ilipangwa na shirika la kimataifa la viwango, ISO, katika kiwango namba 2575. Rangi zake pia zina mpango. Nyekundu ni simama. Manjano ni kuna kitu, kishughulikie mapema. Kijani na buluu ni taarifa tu, kama taa kubwa zimewashwa. Gari lako halina sindano ya joto. Lina kipimajoto kidogo cha buluu ukiwasha asubuhi, ambacho huzima injini ikipata moto. Ile buluu ikiwaka usifukuze gari. Kipimajoto hicho hicho kikirudi chekundu, injini inachemka.

Hapa Mombasa mambo ya kuchemka tunayajua. Ukisimama kwenye foleni ya feri Likoni saa nane mchana, au daraja la Nyali magari yakiwa hayatambai, hakuna upepo unaopita kwenye redieta, kazi yote ni ya feni. Feni ikifa, hapo ndipo utajua. Na wewe unapanda kutoka baharini hadi Mazeras, kisha jua lote la Taru. Kikiwaka chekundu, zima esi, fungua madirisha, washa hita mpaka mwisho. Najua itakuwa jehanamu humo ndani, lakini hita inachukua joto la injini inalitoa nje, na huenda ikakufikisha pahali pa kusimama salama. Kisha zima na ungoje, nusu saa au zaidi. Usikiguse kifuniko cha redieta. Maji yale yamebanwa, yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukikifungua yanalipuka usoni mara moja. Umemwona ami yako mkono wake wa kulia. Hayo ni maji ya redieta, si mafuta ya samosa kama anavyowaambia watoto.

Usitie maji ya kisima chetu humo. Yana chumvi, hata nguo hayatoi povu, na chumvi hiyo inakula chuma cha ndani. Tia kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini.

Betri ikiwaka nyekundu unaendesha, mara nyingi betri yenyewe haina kosa. Alteneta, ile mashine inayozalisha umeme wa gari, haichaji, au mkanda unaoizungusha umekatika. Utakwenda mpaka umeme uliobaki uishe, na usiku taa zitafifia kidogo kidogo. Kwenye injini nyingi mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo ikiwaka na joto nalo likapanda, simama. Huku kwetu pwani angalia pia vichwa vya betri, hewa ya chumvi huviotesha unga wa kijani na mweupe. Visafishe gari likiwa limezimwa.

Breki sasa. Ile duara nyekundu yenye alama ya mshangao katikati. Tazama kwanza kama umesahau hendibreki. Kama hukusahau, mafuta ya breki yameshuka. Watu huongeza mafuta, taa ikazima, wakafurahi. Lakini mafuta hayanywewi na mtu! Ama yanavuja mahali, ama padi za breki zimekwisha na mafuta yamefuata kule chini kujaza nafasi. Kuongeza tu ni sawa na ile stika yako. Na kama unaendesha ukakanyaga pedali ikazama, ipige mara kwa mara, shusha gia, vuta hendibreki polepole, usiikwanyue. ABS ya manjano, taa ya mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki, peke yake si balaa: breki za kawaida zipo, ila ukikanyaga kwa nguvu kwenye barabara yenye maji magurudumu yanaweza kukwama ukateleza. Punguza mwendo mpaka itengenezwe. Eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukukinga, taa yake ikiwaka haizimi, ujue huenda siku ya ajali isifunguke. Mkanda wa kiti, hilo hatujadili.

Narudi kwenye hiyo ya manjano ya injini, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Fundi wako anaweza kuwa kweli, ikawa ni sensa tu, kile kidude kinachopima mambo ya injini. Yaweza kuwa kifuniko cha tangi la petroli hukukikaza. Yaweza kuwa plagi au koili, vile vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli. Kujua ni rahisi: kuna mashine ndogo inayochomekwa chini ya usukani na kusoma namba ya kosa. Mwambie asome mbele yako, na wewe uiandike namba hiyo. Akikwambia atachomoa betri dakika kumi taa izime, mkatalie. Inazima kweli, kumbukumbu imefutwa, lakini ugonjwa uko palepale na ukishaendesha kidogo itarudi. Ikiwaka imetulia na gari linakwenda vizuri, endesha taratibu mpaka gereji. Lakini ikianza kupepesa, kuwaka na kuzima, injini inakosa kuchoma petroli yote, na petroli hiyo mbichi inakwenda kuungulia kwenye bomba la moshi, bomba likawa jekundu kwa moto. Toa mguu, tafuta pa kusimama, na usisimame juu ya nyasi kavu.

Sasa waona ubaya wa stika? Ikipepesa, wewe huioni.

Kuna jambo nilijifunza nikinunua magari ya mitumba na sikuwahi kukwambia. Zungusha ufunguo hadi mwisho kabla ya kupiga starta, ungoje. Taa za hatari zote zinapaswa kuwaka: birika, betri, injini, ABS, eabegi. Kisha piga starta, zizime moja baada ya nyingine. Ambayo haikuwaka kabisa ndiyo ya kukutia shaka, maana kuna wauzaji wanaoitoa balbu au kukata waya ili mnunuzi asione. Zihesabu kila asubuhi. Ni sekunde chache tu.

Njia yenyewe unaijua kunishinda siku hizi. Matrela ya bandarini hayaishi, na ukilipita moja kuna jengine mbele yake, kwa hiyo usianze kulipita mpaka uone mwisho wa msafara. Sheria ina kikomo cha mwendo kwenye barabara kuu, na ukiingia mjini inakupa kilomita 50 kwa saa. Maungu ni mji, hata kama wengine wanapita kama hawauoni. Ndovu huvuka kuanzia hapo hadi kwako, na usiku ndovu ana rangi ya lami. Ukisinzia, simama Mariakani au Samburu ulale kidogo penye watu na mwangaza. Simu iweke kwenye mkoba, kiti cha nyuma.

Nimempa kijana wa basi la Jumamosi kifurushi chako. Mna kulanti lita tano, chupa ya oili ya aina inayoandikwa kwenye kifuniko cha injini yako, tochi, na zile pembetatu mbili za tahadhari. Ukikwama, iweke moja mbali nyuma ya gari, hatua hamsini au zaidi, utembee ukiyatazama magari yanayokuja, kisha ukae nje mbali na lami, si ndani ya gari. Kuna na mahamri ya bibi yako, yale usingoje yakauke.

Na ukiona taa nyekundu saa tisa usiku, nipigie saa tisa usiku. Sitakuuliza ulikuwa unatoka wapi.

Kesho baada ya swala ya alfajiri nitakuwa macho na simu mkononi. Zungusha ufunguo, usipige starta, unisomee taa ulizoziona moja moja, ukianzia na birika.

Mamako akupendaye.