Manjano Yetu Si Nano, na Bei Yake Ni Ile Ile

Mteja wetu wa siku nyingi, bibi wa hapa hapa Malindi, alituwekea pakiti ya manjano juu ya kaunta ya duka letu la manjano na mafuta ya mwarobaini, imeshafunguliwa, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza samaki: "Mumeniuzia kiungo cha mchuzi kwa bei ya dawa!" Mwanawe alikuwa amemwonyesha kwenye simu tangazo la "manjano nano", kichupa cha matone yanayodaiwa kuingia mwilini yote, eti unga wa kawaida unapita tu. Malalamiko haya sasa tunayasikia kila wiki, kwa hiyo nayajibu hapa mara moja.

Tangazo lile lina ukweli ndani yake. Kinachotafutwa kwenye manjano ni kurkumini, ambayo ndiyo hiyo rangi yenyewe, na katika gramu 100 za unga haizidi sana gramu 3. Haiyeyuki kwenye maji, na ile kidogo inayopenya utumbo huvunjwa upesi na ini. Ndiyo maana pakiti zetu zimeandikwa "tumia na mafuta na pilipili manga". Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, ule ukali wa pilipili manga, na kiasi kilichoingia kwenye damu kikapanda takriban mara 20. Nikamwuliza bibi anaitumiaje. Kumbe anakoroga kijiko kwenye maji baridi alfajiri, anakunywa yale maji, na unga umelala chini ya gilasi. Anaumwaga. Maandishi ya pakiti hakuyasoma, na miwani alikuwa nayo.

Sasa hiyo nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa kichwa una upana wa nanomita kama 80,000, na chembe zinazoitwa za nano kwa kawaida ziko kati ya 1 na 100. Kinu chetu hakifiki huko, na cha huyo muuza matone hakifiki vilevile. Hiyo ni kazi ya maabara. Nano ya kweli ipo: paklitaxeli, dawa ya saratani iliyopatikana kwenye gome la mti wa Marekani, imefungwa ndani ya chembe ndogo mno za protini na ikaruhusiwa nchini humo mwaka 2005. Lakini hiyo hutiwa kwenye mshipa hospitalini, chini ya macho ya daktari. Kichupa kisicho na jina la mtengenezaji wala namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu ni kichupa tu, hata kiandikwe nano pande zote nne.

Halafu wapo wanaotaka kujipikia wenyewe. Kijana mmoja alituletea chupa ya soda yenye maji ya rangi ya chai. Alichemsha majani ya mwarobaini, akatia nitrati ya fedha (chumvi ya madini ya fedha) aliyoagiza kwa simu, maji yakageuka kahawia, naye akaamini ameshapata dawa ya vidonda. Akatutaka tuiuze dukani kwetu. Jambo lenyewe lipo: mwaka 2004 watafiti wa Pune, India, walichapisha jinsi maji ya majani ya mwarobaini yanavyotengeneza chembe za nano za fedha na dhahabu. Ila rangi kugeuka inakwambia chembe zimeanza kutokea, haikwambii ni kubwa kiasi gani wala ni nitrati ngapi imebaki humo. Jibu lilikuwa mikononi mwake: ncha za vidole zimepiga madoa meusi ya nitrati, kwenye kucha na mikunjo ya ngozi, na sabuni haikuyatoa. Hicho ndicho alichotaka kumtilia mtu kwenye kidonda kibichi. Na wanaokunywa maji ya fedha kwa muda mrefu, ngozi inaweza kugeuka kijivu cha samawati na isirudi tena. Tulimrudishia chupa yake.

Kuhusu bei, nitasema bila kuona haya. Manjano tunanunua vidole vizima vilivyokauka, hatununui unga. Kila gunia tunachomoa vidole na kuvivunja tuone ndani, maana nje kunaweza kupakwa. Bangladesh, mwaka 2019, watafiti walionyesha kwamba manjano yalikuwa yaking'arishwa kwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi, na madini hayo huharibu ubongo wa mtoto. Unga wa njano ya kuwaka, wa bei ya kutupa, mimi siugusi.

Mafuta ya mwarobaini ndiyo kazi zaidi. Kokwa zinaoshwa nyama yote itoke, zinaanikwa kivulini juu ya majamvi, zenye ukungu zinachambuliwa kwa mkono, kisha tunakamua bila moto na kutia kwenye chupa za kahawia. Azadiraktini iliyomo kwenye kokwa, inayowazuia wadudu kula na kukua, huharibiwa na jua na joto. Ukikaanga kokwa unapata mafuta mengi zaidi, ndiyo, na wengine hufanya hivyo wakauza nusu ya bei yetu. Mkulima wa upande wa Gede alinunua hayo ya nusu bei, kwenye chupa ya plastiki nyeupe iliyokaa juani kando ya barabara. Akanyunyizia sukuma wiki mara mbili, viwavi wakaendelea na karamu yao. Akaja kwetu kununua upya, na ile sukuma ikawa ya mbuzi.

Mafuta haya ni ya kupaka na kunyunyizia. Mtoto hanyweshwi hata kijiko: yamewahi kulaza watoto wachanga mahututi.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au za kifafa atuambie kabla ya kununua manjano, kwani piperini ya ile pilipili manga inayotumiwa nayo hubadilisha kiasi cha dawa nyingine kinachobaki kwenye damu. Ukiweza, njoo na pakiti za dawa zako. Pakiti yetu isiyofunguliwa tunaipokea na kurudisha pesa ndani ya wiki moja, ukija na risiti au ujumbe wa M-Pesa. Iliyofunguliwa haturudishi, lakini tutakaa nawe tukuonyeshe namna ya kuitumia.