Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Tope la Mito Yetu Lipimwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha shuleni kwetu hapa Moshi. Tukijua kuwa majukumu yako ni mengi, tumeona tukueleze jambo moja tu, nalo ni metali nzito, kama risasi na zebaki, zinazotuama katika mashapo, yaani tope na mchanga unaotulia chini ya mito na mabwawa, kisha zikaingia katika samaki tunaowala.

Mheshimiwa, kabla masika hayajakolea, tulikwenda na mwalimu wetu wa kemia kwenye kijito kinachopita nyuma ya gereji moja mjini. Maji yalikuwa maangavu, hata kokoto zilionekana. Ukingoni tulikuta maganda ya betri za magari yaliyopasuliwa, na fundi kijana akimwaga asidi iliyobaki mferejini huku akitenga vipande vya metali ya risasi vya kuuza kwa kilo. Mwalimu alipochovya fimbo, tope lilipanda jeusi na laini kama uji wa ulezi, na maji yale maangavu yakapotea machoni petu. Hatumlaumu kijana yule anayetafuta riziki, maana mikono yake mitupu huishika sumu hiyo kabla haijafika mtoni.

Metali nzito kama risasi, kadimiamu, kromiamu na zebaki haziozi. Zikiingia mtoni, sehemu kubwa hunata kwenye chembe ndogo za udongo na kuzama nazo, ndiyo maana maji ya juu yanaweza kupimwa yakaonekana salama ilhali chini kuna akiba ya miaka mingi. Mafuriko yakivuruga tope, au maji yakiwa na asidi zaidi, akiba hiyo huachiliwa tena. Kambale hula akifukua matopeni. Zebaki nayo hugeuzwa na bakteria wa matopeni kuwa zebaki ya methili, ambayo huzidi kila samaki mkubwa anapomla mdogo. Risasi hukaa zaidi katika mifupa, matamvua, ini na figo kuliko katika mnofu, na kichwa cha perege ndicho wengi wetu tunachokifyonza hadi mwisho. Kukaanga au kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi metali. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na wanaoumia zaidi ni watoto, ambao ubongo wao bado unakua.

Mheshimiwa, mto Weruweru kutoka Kilimanjaro na mto Themi kutoka Mlima Meru huishia katika mto Kikuletwa, na Kikuletwa huingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako maji hupunguza mwendo na mashapo kutulia. Tunachokimwaga Moshi na Arusha kina njia ya kufika huko, na samaki wa huko hurudi sokoni kwetu.

Huko Minamata, nchini Japani, ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwandani ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, baada ya watu na hata paka waliokula samaki wa ghuba kuumia mishipa ya fahamu. Kiwanda kiliacha kumwaga zebaki mwaka 1968. Hata hivyo tope lilibaki na sumu yake, ikalazimu serikali kulichimba na kulifukia kuanzia mwaka 1977 hadi 1990.

Kwa hiyo tunakuomba, Mheshimiwa, utufikishie ombi letu kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani na kwa wataalamu wa uvuvi, kwamba mashapo na samaki wapimwe sambamba na maji, na majibu yabandikwe masokoni kwa Kiswahili chepesi ili mama anayeuza perege ayasome. Tunaomba pia mji utenge mahali pa kukusanyia betri chakavu, na mafundi wapatiwe glavu na mafunzo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Gereji tuliyoiona haikuwa hata mita 10 kutoka kijitoni.

Sisi tuko tayari kushika ndoo na kuwasaidia wataalamu kuchukua sampuli siku yoyote watakayotuita.

Tunaomba kuwasilisha.