"Bomba Lilikuwa Zima Mpaka Fundi Wenu Alipoligusa"

Kila majira ya baridi lazima sisi mafundi bomba tuambiwe maneno hayo. Juzi kayasema mteja aliyegoma kabisa kulipa. Hoja yake: maji yalipoganda, usiku kucha bomba halikutoa hata tone, ila halikuvuja. Fundi wetu kaja, kalipasha joto, kafungua maji, na ukuta wa jikoni ukaanza kulia machozi. Basi nani kalipasua kama si fundi?

Hasira zake tunazielewa. Lakini lile bomba lilikuwa limepasuka kabla hajatupigia simu.

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi. Barafu inapojijenga ndani ya bomba, huyasukuma maji yaliyo mbele yake kuelekea koki iliyofungwa. Hayana pa kutokea, presha inapanda, shaba inachanika. Tena mara nyingi haichaniki pale penye barafu, ni pale kati ya barafu na koki. Baada ya hapo kimya, kwa sababu barafu yenyewe imeziba njia. Uvujaji unakuja kuonekana inapoyeyuka, na hapo ndipo fundi anakuwa amesimama karibu na tochi yake ya kumulika mkononi.

Ndiyo maana fundi wetu akiingia hakimbilii bomba. Anafunga koki kuu, anafungua koki ya sinki, halafu anapapasa bomba kuanzia huko kwenye koki akitafuta sehemu iliyo baridi kupita kiasi au yenye ukungu wa barafu. Anayeyusha taratibu kwa kikausha nywele au taulo za moto, akianzia upande wa koki ili maji yapate njia ya kutoka. Mwisho anafungua koki kuu kidogo tu, anafunga koki zote za ndani na kutazama mita. Ikizunguka, kuna mahali panavuja, na anafunga papo hapo. Nyumba ya yule mteja ililoa sehemu ndogo ya ukuta. Angesubiri jua limyeyushie huku koki kuu iko wazi na yeye yuko kazini, angerudi akute sakafu inaelea.

Wengine wanatuuliza, "Yaani mnanitoza pesa zote hizi kwa kikausha nywele?" Hapana. Kikausha nywele hata wewe unacho. Unalipia kutafuta. Kuna nyumba tulihangaika nayo asubuhi nzima, kumbe maji yameganda nyuma ya kabati, kwenye kona ambayo bomba linapita ukuta wa nje.

Sasa tuje kwenye tochi ya gesi. Tumesema, tutarudia: usiyeyushe bomba kwa moto wake. Mzee mmoja aliamua kuokoa pesa ya fundi akaichoma elbo, yaani kiungo cha kona, iliyo chini ya sinki. Risasi ya kulehemu kwenye maungio ikayeyuka, na ubao ndani ya ukuta ukaanza kufuka moshi. Alikuwa na bahati. Maji yaliyobanwa kati ya vipande viwili vya barafu yakichemka, mvuke unaweza kulilipua bomba usoni mwako. Alitulipa kuunga bomba, akamlipa na seremala.

Akina "sisi tunasafiri, tuzime hita tubane matumizi" nao tunawajua kwa majina. Hita ya kupasha nyumba joto isizimwe, iache isishuke chini ya nyuzijoto 13. Kama ni lazima uzime, funga koki kuu, fungua koki zote za juu na za chini, vuta na maji ya choo mpaka mabomba yawe matupu. Ukiwepo nyumbani, usiku wa baridi kali fungua milango ya kabati za sinki na uache koki zichuruzike kidogo, ya moto na ya baridi. Mchuruziko huo unaipunguza presha hata kama barafu itajijenga.

Sponji za kufungia mabomba tunauza na tunafunga, lakini sponji haitoi joto, inachelewesha tu lililopo kupotea. Tuliwahi kuitwa kwa mama mmoja aliyejaza sponji kati ya bomba na chumba, yaani amelizuia bomba lisipate joto la nyumba na kuliachia baridi ya nje. Sponji ikae upande wa ukuta wa nje. Kwenye bomba la shaba lililo darini huwa tunaongeza waya wa umeme wa kupasha joto wenye themostati (kidhibiti joto), na hapo ndipo bei inapanda.

Mpira wa bustani nao uchomolewe kabla baridi haijaingia. Hata ile koki ya nje inayouzwa kama haigandi, ukiiacha na mpira, maji yanabaki ndani na inapasukia ukutani. Hutajua mpaka utakapoanza kumwagilia maua, na utatupigia kusema tulifunga koki mbovu.

Ukipiga usiku, swali letu la kwanza litakuwa koki kuu iko wapi. Itafute leo mchana, na uhakikishe inazunguka. Malipo ya usiku ni makubwa kuliko ya mchana na hatuyapunguzi, hasa tukifika na kukuta maji bado yanamwagika kwa sababu hakuna aliyejua pa kuyafungia.