Yah: Dira mliyoing'arisha bila kuombwa

Ujiji,
Kigoma.

Kwa Meneja,
Karakana ya kutengeneza saa na vipimo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU DIRA YA BOTI NA BAROMITA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyewatumia kwa basi kasha lenye vitu viwili: dira ya maji ya boti, ikiwa ndani ya sanduku lake la mbao, na baromita ya ukutani, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa. Nimerudishiwa vyote wiki iliyopita. Kasha lilifungwa vizuri na halikuwa na mkwaruzo, kwa hilo sina neno. Ninalolalamikia ni yale yaliyofanyika karakanani kabla halijafungwa.

Nilichoomba kiko kwenye risiti yenu, kwa mwandiko wa kijana wenu wa mapokezi: dira itolewe hewa, baromita ikazwe kioo. Basi. Dira ilikuwa imeingia kiputo cha hewa, kikubwa kama sarafu ya shilingi mia, na kila ukiigeuza kiputo kinapita juu ya herufi na kuzificha. Huo ni ugonjwa wa kawaida wa dira za maji zikizeeka. Mpira wa kuzibia unakauka, maji yanavuja kidogo kidogo, hewa inachukua nafasi yake. Nilimweleza kijana huyo kwa simu, tena mara mbili, kwamba dira ya umri huo ilijazwa spiriti iliyochanganywa na maji yaliyokenekwa, na kwamba isiwekwe kitu kingine chochote. Akaniitikia, "Sawa mama, tumeelewa."

Nilipofungua kasha nilidhani mmenitumia dira ya mtu mwingine. Shaba inawaka kama sufuria ya dukani. Sanduku limepigwa msasa hadi mbao imekuwa nyeupe, kisha likapakwa vanishi, na ndani ya kifuniko ni mbao tupu. Niliwapigia hapo hapo. Fundi wenu akanijibu kwa furaha, na naamini alikuwa na nia njema: "Mama, hiyo kazi tumekufanyia bure, sasa ni kama mpya."

Ndugu Meneja, naomba uvumilie nikueleze kilichokuwa ndani ya kifuniko kile.

Baba yangu mzazi alikuwa mshika usukani wa boti ya serikali iliyokuwa ikitoka hapa Kigoma kwenda vijiji vya kusini mwa ziwa. Boti ilikuwa ya chuma, na chuma huivuta dira. Ukiiweka dira nchi kavu inakuonyesha kaskazini yake sawasawa, lakini ukiifunga mbele ya usukani, karibu na injini na kuta za bati, inapotoka. Na haipotoki kiasi kilekile kila upande. Boti ikielekea kusini kosa linaweza kuwa nyuzi mbili, ikigeuka mashariki likawa tano. Kwa hiyo mabaharia huizungusha boti taratibu, upande mmoja baada ya mwingine, wakilinganisha dira na alama za nchi kavu wanazozifahamu, na kila upande wanaandika dira imekosea nyuzi ngapi. Karatasi hiyo ndiyo inayomwezesha mshika usukani kuiamini dira yake usiku. Dira isiyo na karatasi yake, baba alikuwa akisema, ni shahidi ambaye hujui anadanganya kwa kiasi gani.

Karatasi ya dira hii ilibandikwa na baba kwa gundi ndani ya kifuniko cha sanduku. Mistari kumi na sita, kwa penseli. Kushoto upande ambao boti imeelekea, kulia kosa. Mstari wa kusini-mashariki ulikuwa umefutwa na kuandikwa upya mara mbili, kwa sababu, alivyonisimulia, boti ilibadilishwa injini na hesabu ikabadilika. Pembeni kulikuwa na doa la mafuta lenye alama ya kidole gumba. Boti ilipochakaa ikauzwa mnadani kama chuma chakavu, na yeye akanunua dira peke yake kwa fedha yake ya mkononi. Nimekua nikiitazama karatasi hiyo. Alipofariki sikuwa na kitu kingine chochote kilichoandikwa kwa mkono wake zaidi ya sahihi mbili za karatasi za shule.

Hicho ndicho mlichokipiga msasa.

La pili ni alama. Kwenye ukingo wa shaba, chini ya pete zinazoiacha dira ining'inie ibaki wima boti inapoyumba, kulikuwa na mshale mdogo umechongwa: mistari mitatu inayokutana juu, kama unyayo wa kuku. Ni alama iliyowekwa kwa karne nyingi kwenye mali ya serikali ya Uingereza. Chini yake kulikuwa na namba. Sasa nikiigeuza dira juani na kuinamisha kichwa naona kivuli cha mguu mmoja wa mshale, na namba imebaki tarakimu moja, nayo ni nusu. Mashine ya kung'arishia imekula iliyobaki.

Pengine mtaniambia kwamba mshale ni mkwaruzo tu kwenye shaba. Kwa sisi tunaokusanya vitu vya meli za ziwa hili, mshale ndio uliokuwa cheti cha kuzaliwa. Hapa Kigoma kila dalali mwenye kipande cha shaba atakuapia kuwa kimetoka kwenye Goetzen. Meli hiyo inajulikana na kila mtoto wa bandarini. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaileta kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, ikashushwa majini Februari 1915. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia ikafungwa mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyomalizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Mwaka uliofuata, Julai 26, Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, wakiwa wamezipaka injini grisi nzito ili siku moja zifae tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa historia kama hiyo, jina la Goetzen linapandisha bei ya kitasa cha mlango. Nimeshauziwa taa "ya Goetzen" ambayo chini yake kulikuwa na maandishi ya kiwanda cha miaka mingi baada ya vita.

Ndiyo sababu nikinunua kitu huanza kukiangalia chini, nyuma na ndani, mahali ambapo hakuna anayeng'arisha. Nina ganda tupu la kombora ambalo bibi mmoja wa Katonga alikuwa akipandia maua. Thamani yake yote iko kitakoni, kwenye mihuri ya kiwanda na tarehe. Nina bildi, yaani kipande cha madini ya risasi kinachoshushwa kwa kamba kupima kina cha maji, yenye shimo chini, ambamo mabaharia walijaza mafuta ya mnyama ili ikipandishwa ije na mchanga au tope na nahodha ajue sakafu ikoje. (Kwa ziwa letu bildi ni ya ufukweni tu. Ukifika kati, kina ni zaidi ya mita 1,400, hakuna kamba ya kufika huko.) Shimo hilo bado lina mafuta yaliyoganda, na sitaruhusu mtu alisafishe. Dira ya baba ilikuwa na mshale wa Uingereza, kwa hiyo hakuna dalali aliyeweza kuifanya ya Mjerumani, na ilikuwa na karatasi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kubisha kwamba ilifanya kazi kwenye boti ya chuma hapa ziwani. Leo ni shaba nzuri ya kupamba meza. Mtu akiniuliza ni ya nini, sina la kumwonyesha zaidi ya maneno yangu.

Na haifanyi kazi pia. Kiputo kimeondoka, lakini mafundi wenu wameijaza mafuta, si spiriti. Nimejua kwa harufu mara tu nilipolegeza skrubu ya kujazia, na kwa macho pia. Mafuta hayapatani na rangi iliyopakwa kwa ajili ya spiriti. Sahani ya dira, iliyokuwa nyeupe yenye herufi nyeusi, imegeuka rangi ya chai, na ukingo wake unabambuka. Vipande vidogo vya rangi vinaelea ndani ya kioo. Juzi herufi ya mashariki ilikuwa imeshanyanyuka upande mmoja kama jani kavu. Kila siku ninayoiacha humo inazidi, na naogopa kuimwaga mwenyewe nisije nikaondoka na herufi zote.

Kuhusu baromita nitasema kwa ufupi, maana imeshapona. Risiti yenu inanitoza shilingi 60,000 kwa "kurekebisha kipimo kibovu". Hakikuwa kibovu. Kigoma tuko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi kuliko Dar es Salaam kwa takriban milibari 90. Baromita iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari ukiileta huku bila kuigusa, mshale wake unaanguka chini ya neno la dhoruba na kukaa hapo mwaka mzima, hata siku ziwa limetulia kama kioo. Baba aliipandisha kwa skrubu ya nyuma ili isome sawa kwa hapa. Bila shaka ilipofika kwenu pwani ilipita juu ya namba zote. Fundi angeniuliza ninaishi wapi, jambo ambalo liko kwenye risiti, angeelewa. Alichofanya ni kuirudisha kwenye hewa ya Dar es Salaam, nami nimeipandisha tena kwa bisibisi kwa dakika tano. Kioo nilichoomba kikazwe bado kinacheza.

Ninachoomba ni haya. Kwanza kabisa, kabla ya fedha, tafuteni karatasi. Kama ilibanduliwa kabla ya msasa inaweza kuwa imekunjwa kwenye droo, imeanguka nyuma ya meza, au iko kwenye mfuko wa taka ambao haujatolewa. Hata vipande navitaka. Kijana wa mapokezi aliniambia kwamba hupiga picha kila kitu kinachoingia. Picha ya sanduku likiwa wazi, hata kama karatasi inaonekana nusu, nitaishukuru maisha yangu yote. Naomba atazame simu yake kabla hajafuta chochote, na kama ilibadilishwa, atazame na ile ya zamani. Namba sita za karatasi ile nazikumbuka kwa kichwa. Kumi sizikumbuki.

Pili, naomba fundi aliyeifanya kazi aandike na kusaini ukurasa mmoja: alama ilikuwa wapi, ilikuwa na umbo gani, namba gani aliziona, alitumia mashine gani na dawa gani, na aliijaza mafuta ya aina gani. Simtafutii kosa la kumfukuzisha kazi, na naomba asifukuzwe. Ukurasa huo utakaa ndani ya sanduku, ili atakayeirithi dira ajue kwamba mshale ulikuwepo na ulifutika lini. Jina la mafuta nalihitaji haraka, maana nitakayempa kazi ya kuyatoa hawezi kuanza bila kulijua.

Tatu, nirudishiwe shilingi 60,000 za baromita na shilingi 85,000 za dira, na mlipie gharama ya kutoa mafuta hayo na kujaza spiriti kwa fundi nitakayemchagua mwenyewe. Ankara nitawatumia. Dira haitarudi kwenu.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Yasipokuja, nitapeleka nakala pamoja na risiti Tume ya Ushindani, inayolinda walaji. Lakini suala la karatasi lisisubiri siku hizo. Taka za karakana sijui hutolewa siku gani, kwa hiyo naomba muanze kutafuta leo, mkimaliza kusoma. Namba yangu mnayo kwenye risiti, na simu iko wazi hata usiku.

Wenu,

Mwenye dira,
Ujiji, Kigoma.