Kakangu, lile shamba la Matondoni tuna ushirika

Assalamu alaykum kakangu,

Simu hupokei, ujumbe wausoma hujibu, ndipo nikaandika hapa. Homa ya mtoto imeshuka? Mama aniuliza kila asubuhi.

Mtaani wasema nimekupeleka kwa Kadhi kwa tamaa. Tamaa ipi? Hesabu ya mirathi ya Baba waijua. Katika mafungu 32, Mama ana 4, wewe 14, mimi na mdogo wetu 7 kila mmoja. Hizo 14 zako hakuna aliyezigusa. Lau tungegawana kwanza, ukauza kipande chako, nisingekuwa na neno. Umeuza fungu lako shamba likiwa bado moja, ukasema sisi tumeolewa, minazi haituhusu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mshirika ana shufaa: alichonunua mgeni anakichukua yeye, kwa bei ile ile. Na shufaa haingoji. Ukisikia ukanyamaza bila udhuru, imekupita. Kwa hiyo nilikwenda siku ile ile, sikukuvizia. Hata sheria ya serikali, ile ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 91, yataka washirika waridhie kwa maandishi kabla fungu halijaenda kwa mtu wa nje.

Hayo yana mahakama. Ile kahawa ndiyo imenikaa rohoni.

Arubaini ya Baba haijafika, Mama yumo edani, nawe umeketi dakani, pale mlangoni, na wageni wawili. Ukaita: “Dada, tuletee kahawa.” Nikaleta birika na vikombe, nikidhani wamekuja kutoa pole. Kaskazi ilikuwa ikipeperusha karatasi yenu, ukaikandamiza kwa kikombe nilichokupa mimi. Pembeni ya kikombe nikasoma jina la Baba. Na Mama nyuma ya mlango akasikia minazi aliyoipanda na mumewe ikitajwa bei, wala hawezi kutoka akasema neno.

Kama ni deni, ungesema. Deni la kufichwa humtafuna mtu, nduguyo nakwambia. Ulipokwama na karo kule Mombasa niliuza bangili zangu, na sijalitaja hadi leo. Ningeuza na mkufu.

Pesa za kumrudishia mnunuzi tumeshazichanga, Mama naye katia zake. Sasa niambie kweli alikulipa ngapi, kwani uliyomtajia Mama na iliyoandikwa kwenye ile karatasi si bei moja.