Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: karatasi ya mahudhurio siyo ridhaa

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nakuandikia huku hadharani kwa sababu barua mbili za kawaida nilishapeleka, zikagongwa muhuri wa kupokelewa na basi, mpaka leo kimya. Mimi ni katibu wa kamati ya msitu, kazi isiyo na mshahara, tunapokezana doria usiku na mchana, moto ukizuka tunatoka na matawi mabichi kuuzima, tunagombana na wachoma mkaa ambao wengine ni ndugu zetu kabisa. Kwa hiyo naomba usinisome kama mtu anayepinga mazingira kutunzwa, wala biashara ya kaboni, yaani kuuza hesabu ya hewa ukaa inayotunzwa na miti, siipingi. Kinachoniuma ni kwamba msitu ni wetu wakati wa kuulinda, ukifika wakati wa kuusainia mkataba unakuwa wa watu wengine.

Nikueleze ilivyokuwa. Walikuja wageni na magari mawili, wakiongozana na afisa mmoja, ukaitishwa mkutano na watu wakajaa maana ilishasemwa kuna mradi wa kaboni. Wakaongea kama saa moja na nusu kuhusu mabadiliko ya tabianchi, miti inavyofyonza hewa ukaa, ukame, mafuriko, mambo ya kweli kabisa na hakuna aliyebisha. Mwishoni ikapitishwa karatasi ya mahudhurio, jina, namba ya simu, saini, na asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Sisi tukajua ni ya posho. Miezi kadhaa baadaye nikaja kuiona karatasi ile ile imebanwa nyuma ya mkataba kama kiambatisho, juu yake imeandikwa kwamba wafuatao wameridhia mradi. Mkataba wenyewe ni wa miaka 40, Kiingereza cha kisheria kitupu, kurasa zaidi ya 80, kijana wangu aliyemaliza chuo alikaa nao siku tatu akaniambia baba kuna sehemu hata mimi sielewi.

Miaka 40 mheshimiwa. Mtoto anayenyonya leo atakuwa na watoto wake wanaosoma na bado amefungwa na dole gumba la bibi yake aliyedhani anasainia posho.

Na wengine wanasema mnalalamika nini, kinachouzwa ni hewa tu. Siyo hewa tu. Kinachouzwa kinaitwa krediti, na krediti moja ni tani moja ya hewa ukaa iliyozuiwa isiingie angani au iliyoondolewa huko, anayeinunua anaihesabu upande wake na shughuli zake zinaendelea kama kawaida, wakati huku kwetu ili ile tani ibaki kwenye miti inabidi mtu fulani aache kulima kipande fulani, aache kulisha mifugo sehemu fulani, aache kukata. Huyo mtu fulani ndiye anayelipa gharama kila siku asubuhi akiamka. Tena kwa utaratibu wa Ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris wa 2015 wa mabadiliko ya tabianchi, serikali ikiidhinisha krediti ziuzwe nchi nyingine haiwezi tena kuzihesabu kwenye ahadi yake yenyewe ya kupunguza gesi joto, yaani hata taifa linakuwa limeuza kitu, sasa kitu kikubwa hivyo kinauzwaje bila wenye msitu kujua wameuza nini?

Hapo kwenye kuacha naomba nikae kidogo maana ndipo usawa unapopotea kimya kimya. Sisi wanaume kwenye mkutano tuliuliza habari ya ajira na mgao. Mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa alinyoosha mkono akauliza kuni tutaokota wapi, akajibiwa hilo litaangaliwa baadaye. Halikuangaliwa. Kwenye mkataba kuna kifungu kinazuia kutoa mti uliokauka ndani ya eneo la mradi, kwa sababu nao unahesabiwa kaboni yake, na anayeokota kuni ni nani? Ni mama na binti zake. Sasa hivi wanazunguka mbali zaidi, wanatoka giza bado halijaisha, halafu fomu ya malipo inataka jina la mkuu wa kaya na akaunti moja, na kaya nyingi jina linaloandikwa ni la baba. Kwa hiyo mzigo ameongezewa mmoja na hela anapokea mwingine. Mimi mwenyewe jina langu ndilo lililoandikwa nyumbani kwangu na sikuliona tatizo mpaka mke wangu aliponiuliza, na hilo nalisema wazi kwa sababu nadhani hata waliouandika huo mkataba hawakukaa na mwanamke hata mmoja anayeujua msitu kwa miguu yake.

Wala siombi kitu kipya. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili linasema ridhaa iwe huru, itolewe mapema kabla ya jambo, na mtu awe amepewa taarifa zote. Najua mnaweza kusema hilo ni azimio tu, basi tuangalie yaliyotokea kwa majirani zetu Kenya. Jamii ya wafugaji ya Waendorois waliondolewa kandokando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970 kupisha hifadhi, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaja kusema haki zao zilivunjwa, uamuzi uliotangazwa mwaka 2010. Hesabu hiyo miaka. Waogiek, watu wa asili wa msitu wa Mau, walishinda kesi kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha tarehe 26 Mei 2017, na mahakama ikasema kabisa kwamba uharibifu wa Mau hauwezi kubebeshwa wao, Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia na wapewe hati ya ardhi yao kwa pamoja, halafu Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa tena kwa jina lile lile la kuokoa msitu. Na Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo ikasema hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha sheria bila wananchi kushirikishwa ipasavyo, na moja ya hizo ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni. Yaani kuruka hatua ya kuwauliza watu hakuokoi muda, ni kuahirisha kesi.

Suala la mgao nalo lina kona zake. Kenya mwaka 2023 walibadilisha sheria yao ya tabianchi wakaweka kwamba mradi wa kwenye ardhi utoe kwa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliopita, na mimi niliposikia nilifurahi sana, lakini ukisoma vizuri ni asilimia 40 baada ya kutoa gharama za uendeshaji. Sasa gharama anazihesabu nani? Kama anayehesabu ni mwenye mradi peke yake, na vitabu havionyeshwi kwa mtu, hata ungeandika asilimia 90 bado unaweza kupata sifuri.

Hata hela ya wafadhili ni vile vile. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021 ziliahidiwa dola bilioni 1.7 kusaidia watu wa asili na jamii za misitu, na kwa ripoti ya wafadhili wenyewe zilizofika moja kwa moja kwa mashirika ya hao watu zilikuwa asilimia 7 mwaka wa kwanza, mwaka uliofuata zikashuka mpaka 2.1. Zingine zilipitia mikononi mwa watu wengine.

Mheshimiwa, nyie viongozi mkienda kwenye mikutano ya COP, ile ya Umoja wa Mataifa ya tabianchi, mnadai haki, na mnadai sawa kabisa, Afrika nzima inachangia chini ya asilimia 4 ya gesi joto za dunia na bado kipigo kinaanzia kwetu. Kwenye ule wa Baku mwaka 2024 nyundo iligongwa na uamuzi wa dola bilioni 300 kwa mwaka za kusaidia nchi zinazoendelea ukapita kabla India haijapewa nafasi ya kusema, na mjumbe wao akasimama akalalamika mbele ya wote kwamba walishaomba kuongea na hawakusikilizwa. Alikuwa ukumbini, alikuwa kwenye orodha, na hakuridhia. Ndivyo ilivyotupata sisi pale kwenye mkutano wetu, hakuna tofauti, isipokuwa sisi hatuna kipaza sauti cha dunia nzima.

Ninachokuomba kiko ndani ya uwezo wa ofisi yako bila kusubiri sheria mpya. Toa waraka useme karatasi ya mahudhurio haihesabiki kama ridhaa, na mkataba wowote wa kaboni usomwe wote kwa lugha ya watu, kwenye mkutano wa hadhara, halafu watu wapewe muda warudi nyumbani wakaulizane kabla ya kurudi kupiga kura, wanawake nao wapige zao na zihesabiwe peke yake zionekane. Mikataba iliyokwisha kusainiwa iwekwe wazi, kila mtu aione, na hesabu za mapato na gharama za kila mwaka zibandikwe ubaoni. Malipo yaende kwa mtu mzima mmoja mmoja, siyo kwa kaya. Na huu wa kwetu uurudishe mezani, tuanze upya kuanzia lile swali la kuni.

Doria ya wiki hii ni zamu yangu, nitakuwa msituni mpaka Jumapili, nakala ya mkataba na ya ile karatasi ya mahudhurio ninazo na niko tayari kuzileta ofisini kwako siku yoyote utakayonipangia.

Wako,
Katibu wa kamati ya msitu